Kukata nywele timutimu ili usuke rasta

Dada, umeuliza kama ukate nywele zako timutimu ili ziote laini ndipo usuke rasta. Hapana, kuzikata hakutazifanya ziote laini. Umbo la unywele linatoka kwenye kishimo chake kichwani, mkasi unagusa ncha tu. Zitarudi vilevile, kama sentimita 1 kwa mwezi. Nasuka Mbuyuni hapa Moshi, na timutimu nyingi ninazoziona ni ukavu: mafuta ya ngozi ya kichwa hayafiki mwisho wa unywele uliojikunja. Osha, zikiwa bado mbichi paka mafuta ya nazi, chambua kwa vidole kuanzia nchani, suka mabutu ulale nayo. Rasta suka ukipenda, si lazima ukate kwanza. Ila msusi akivuta mpaka vipele vitoke kwenye paji la uso, mwambie afumue palepale. Ukizoea kuvutwa hivyo, nywele za mbele zinaweza zisirudi kabisa.