Damu ya Nyonga Huokolewa Kliniki

Wanagenzi wangu, mmefanya tena. Mama wa kubadilishwa nyonga keshalazwa, chakula cha usiku keshanyimwa, ndipo mmoja wenu akakumbuka kuuliza hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu. 9.2, pungufu. Kila kundi likija ni yale yale, nami mvi zinazidi.

1. Hemogramu, kipimo cha damu chenye hiyo hemoglobini, hupimwa siku mgonjwa anapopewa tarehe ya thieta. Nyonga iliyolika haina dharura. Imemuuma miaka, itangoja wiki nne tumtengeneze. Akiwa chini ya 13, tafuteni sababu kabla ya kumwekea damu akiba. Huyu wa juzi tulianza kuwapigia wanawe saa tatu usiku waje kumtolea damu. Mmoja alikuwa Likoni anangoja feri. Kitinda mimba akafika mbio kutoka Kisauni, akapandishwa mizani, hakufika kilo 50, akarudishwa. Shule nazo zimefungwa, na mnajua benki ya damu inawategemea wanafunzi. Tukaahirisha. Nikaketi na faili. Nyuma ya eksirei, imebanwa pini, ikawamo karatasi ya kliniki: 9.4, na sahihi ya mwenzenu chini yake! Nikamwendea mama, nikamuuliza dawa anazomeza. Diklofenaki, vidonge vya maumivu vinavyochubua tumbo, anazitafuna kama njugu, ananunua mwenyewe dukani. Na choo? "Cheusi tangu Maulidi, mwanangu. Hakuna aliyeniuliza." Kwa hiyo hata tungepata painti tatu usiku ule, tungemtia damu juu huku tumbo likiimwaga chini.

Sasa anatazamwa tumbo, halafu atapewa chuma. Vidonge huchukua wiki, wala visimezwe na chai. Muda ukibana, kuna chuma ya mshipani.

2. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 mshipani kabla ya kisu: ampuli mbili za miligramu 500. Zisikae trei moja na dawa ya ganzi ya mgongo. Ikiingizwa uti wa mgongo kwa makosa, huua. Someni kibandiko kwa sauti, hata sista akiwacheka.

3. Mfunikeni mgonjwa. Daktari anatokwa jasho ndani ya gauni, anaamuru eesi ishushwe, na aliyelala uchi mezani anapoa. Mwili uliopoa haugandishi damu vizuri. Daktari akilalamika, mleteeni maji ya kunywa.

4. Warfarini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, ulizeni mapema zisimamishwe lini. Mpira wa kutoa damu kidondani si desturi ya kila mtu.

5. Baada ya upasuaji msikimbilie damu kwa sababu namba imeshuka. Kizingiti chetu ni hemoglobini 8, na hata hapo mtazameni mtu: ana kizunguzungu? Moyo unakwenda mbio akiwa ametulia? Kifua kinambana? Painti moja, kisha pimeni upya. Hii tabia ya kuandika "painti 2" kama salamu sijui mliirithi kwa nani.

Mwenye selimundu (sickle cell) hayumo katika hesabu hizi. Hapa Pwani wapo wengi, vijana wadogo ambao kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa ugonjwa huo. 8 kwake yaweza kuwa ndiyo kawaida yake, na damu ya kumtia, kiasi na wakati, hupangwa na wataalamu wa damu kabla hajalazwa. Wapigieni mchana, usiku hawapokei.