Kwa diwani mpya wa viti maalum

Hongera, Mheshimiwa, karibu barazani. Utaambiwa mapema sana kwamba wewe ni "wa kupewa", kwa kuwa umeingia kwa nafasi za wanawake, si kwa kura za kata. Usipoteze muda kubishana. Azimio likipigiwa kura, ya kwako inahesabiwa sawa na ya diwani wa kata. Shida yako ya kweli ni nyingine: huna kata, kwa hiyo hakuna mtendaji anayeona ana wajibu wa kukupigia simu. Taarifa utazitafuta mwenyewe.

Anza na makabrasha, yaani nyaraka za kikao. Huwa mazito, na mara nyingine hukufikia usiku wa kuamkia kikao, wengine tunasema ni makusudi. Usianze ukurasa wa kwanza. Fungua taarifa ya mapato na matumizi ya robo, tafuta mapato ya ndani, halafu angalia fedha zilizokwenda kwenye mikopo ya vikundi. Sheria ya Tanzania inataka asilimia 10 ya mapato hayo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mikopo hii mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za utoaji na marejesho, ikarudi mwaka uliofuata. Kwa hiyo swali la "vikundi gani, kata ipi, wamerejesha kiasi gani" si uchokozi. Liulize kila robo, kwa upole, mpaka afisa maendeleo ya jamii azoee kuja na majibu.

Kisha toka ofisini. Nilishafika kwenye kikundi cha kina mama wafuga kuku: banda zuri, kuku wapo, ila kadi ya benki iko mfukoni kwa mume wa mwenyekiti na mweka hazina hajui salio. Kwenye taarifa kikundi hicho kinasomeka safi kabisa.

Jambo ambalo semina elekezi hazisemi: mengi huamuliwa kwenye kikao cha chama kabla ya baraza. Ukinyamaza kule ukaja kuunguruma barazani mbele ya mkurugenzi wa halmashauri, utaitwa msaliti na hoja yako itakufa. Tafuta madiwani wawili watatu wa kata, wanaume wakiwemo, waielewe hoja mapema. Kama mmoja anataka aisome yeye, mwachie. Inauma, lakini zahanati itajengwa.

Kuhusu kamati, watakusukuma kwenye huduma za jamii kana kwamba fedha ni za wanaume. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukaa kila mwezi na ndiko bajeti inakopikwa, iombe. Ukibaki huduma za jamii, usinung'unike, kuna kazi. Tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi. Omba idadi ya waliorudi, shule kwa shule. Ukipewa jumla ya halmashauri nzima, irudishe.

Na amani ipo mikononi mwako kuliko unavyodhani. Huku kwetu ugomvi mwingi huanzia ardhini: mfugaji na mkulima, mjane na shemeji zake. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na kwa sheria watatu ni wanawake. Mara nyingi majina yao yapo, sauti hazipo. Ukitembelea kijiji, omba kitabu cha muhtasari. Angalia kama wamesaini, halafu angalia kama kuna mahali wamesema neno. Mara nyingi ndio wanaojua nani alipanda minyaa ya mpaka na njia ya ng'ombe ilipita wapi kabla haijalimwa. Uliza pia kikao huitwa saa ngapi. Kikiitwa asubuhi, wakati wa maji na shamba, watakuja wanaume tu. Omba kihamie alasiri. Sheria haijapanga saa, kwa hiyo mwenyekiti hana pa kukatalia.