Kichocheo Hakisafishi Taka: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kugeuza Plastiki Kuwa Mafuta

Nyinyi mnaoanza kazi hii hapa Unguja, shikeni kwanza kwamba ubora wa mafuta huamuliwa kwenye meza ya kuchambulia taka. Wengi huja na hamu ya kuzungumzia zeolaiti, yaani madini yenye vitundu vidogo yanayotumiwa kama kichocheo cha kuharakisha kazi hii, nayo ni hamu njema, kwa kuwa polithini, plastiki ya mifuko na madumu, ikipashwa moto pasipo hewa hadi nyuzijoto 500 hivi bila kichocheo hutoa nta nyingi inayoganda mabombani, ilhali tindikali iliyomo katika vitundu vya zeolaiti huikata minyororo mirefu ya kaboni ikawa mifupi, ya kiwango cha petroli na dizeli, tena kwa joto dogo zaidi. Lakini kichocheo hakichagui kinacholetewa.

Taka za ukanda wa hoteli, kuanzia Nungwi hadi Paje, zimejaa chupa za maji zenye alama ya namba 1. Hizo msizitie tanurini, kwani mafuta yake ni haba na hutoa tindikali zinazoganda na kuziba mabomba. Ni bora ziende kwa wanaozisaga na kuzitumia upya. Namba 3, ambayo ni plastiki ya mabomba ya maji, ni mbaya zaidi: hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayokula chuma na kuunguza mapafu. Tafuteni namba 2, 4 na 5, yaani madumu, mifuko na vifuniko. Kipande kisicho na alama kitumbukizeni katika maji yasiyo ya chumvi. Kikielea, na si povu, kwa kawaida ni cha kundi hilo.

Kamba kuukuu za kulimia mwani nyingi huelea, ila zimelowa chumvi, na sodiamu ya chumvi hiyo huua tindikali ya zeolaiti. Masizi yanayoifunika zeolaiti yanaweza kuchomwa kwa hewa ikafanya kazi tena. Sodiamu haiondoki kwa kuchomwa. Kwa hiyo kamba hizo zioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi na kukaushwa kabisa, maana unyevu ukigeuka mvuke ghafla hupandisha shinikizo.

Tanuri lisifunguliwe kabla ya kupoa, kwa sababu mvuke wa mafuta ukikutana na hewa ungali moto huweza kuwaka wenyewe. Mafuta yanayotoka nayo msiyatie moja kwa moja kwenye mashine ya boti: yakenekwe kwanza, yaani yageuzwe mvuke na kupozwa tena, kisha yapimwe, kwani yakikaa hufanya utomvu unaoziba pampu.