Dari ya vinundu Isamilo: usianze kukwangua

Mkuu, umeuliza kama unaweza kukwangua mwenyewe dari ya vinundu (ile iliyopakwa plasta yenye chembechembe) kwenye nyumba ya zamani hapo Isamilo, Mwanza. Ilijengwa lini? Kama ni ya zamani kweli, usiiguse kwanza. Ile plasta, hata bodi zenyewe, huenda zina asbesto (madini ya nyuzi nyuzi yaliyotumika kwenye vifaa vya ujenzi), na kwa macho huwezi kuitambua. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hukaa humo, na saratani inaweza kuja miaka mingi baadaye. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Waulize NEMC (baraza la taifa la mazingira) namna ya kuipima, wana ofisi Mwanza. Fundi wa "bosi, leo leo namaliza" mkwepe.

Ikipimwa ikawa salama, zima umeme, lowesha kidogo kidogo, kwangua ikiwa mbichi. Mimi ningeiacha tu, nifunge fremu ukutani na kushusha jipsamu mpya chini yake.