Ukipata Kiwanja Chenye Mawe Dodoma, Usikimbilie Greda

Jamaa wakipata kiwanja Ntyuka au Iyumbu, wengi huniuliza kwanza bei ya greda. Wanataka mawe yang'olewe, migunga ikatwe, kiwanja kiwe tambarare, kisha umwagwe msingi wa vyumba vitano kwa mkupuo. Nawajibu kwa nilichofanya kwangu: acha mawe yalipo, na nyumba ujenge kwa vipande vidogo kuzunguka ua, kila kipande kikamilike na kuezekwa kabla hujaanza kingine.

Hapa kwetu si jambo geni. Tembe la Wagogo lilikuwa fupi, paa lake bapa la miti na udongo, rangi yake ile ile ya ardhi, vyumba vimezunguka uwanja wa mifugo. Sisi nasi tunajenga kidogo kidogo, ila tunaanza na msingi mkubwa, hela inakata kwenye linta, na boma linabaki miaka linanyeshewa. Mimi nilianza na chumba, jiko na choo, nikahamia. Vyumba vya watoto vilifuata, kila kimoja na msingi wake, vikiunganishwa na kibaraza chenye paa.

Misingi kutengana kuna faida nyingine kubwa. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Jengo refu lililoshikana hupata nyufa. Vyumba vilivyoachana kidogo hucheza kila kimoja peke yake. Hata hivyo, kama una nafasi ya kuchagua, udongo huo uachie bustani.

Vipimo vya chumba vitokane na mbao. Mbao ya kawaida sokoni ni futi 12. Chumba cha futi 10 kwa ndani, chenye kuta za inchi 6, mbao hiyo inakivuka ukuta hadi ukuta bila kuunga. Fundi akishamaliza cha kwanza, vinavyofuata anavijua kichwani.

Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na jioni ndilo linalopika nyumba, kwa hiyo mashariki na magharibi weka kuta fupi zenye madirisha madogo au usiweke kabisa. Upenu wa sentimita 80 upande wa kaskazini hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1.3 ukutani saa sita mchana, hata mwezi Juni jua linapoinamia zaidi kaskazini. Nasikitika kuona nyumba mpya za mjini zinazoficha bati nyuma ya ukuta na kukosa upenu kabisa, halafu mwenyewe analalamikia bili ya kiyoyozi. Upepo wa kiangazi nao huja zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na vumbi lake. Ua ukingwe upande huo.

Kuhusu mawe, tembea kiwanjani baada ya mvua kubwa ya kwanza. Chini ya kila jabali utaona mchanga mweupe uliochambuliwa na maji, umejipanga kama mkeka. Hiyo ndiyo njia ya maji, usiweke msingi hapo. Chimba mtaro uyapeleke kwenye miti. Chumba cha kulala usikibananishe na jabali linalopigwa na jua la jioni, maana jiwe hutoa joto hadi usiku.

Dodoma hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Bati la mita za mraba 60 linapokea zaidi ya lita 33,000. Hata theluthi ikipotea, ni maji ya kutosha kujengea kipande kinachofuata. Funga mabomba ya kukingia na tanki mapema, usisubiri nyumba iishe.

Tofali za kuchoma sizipendi, zinakula kuni katika mkoa ambao miti haitoshi. Tumia tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo. Pima udongo kwanza: chota ule wa chini ya tabaka la juu, tia kwenye chupa ya maji, tikisa, uache hadi kesho. Mchanga utatua chini, mfinyanzi utabaki juu. Mfinyanzi ukizidi, ongeza mchanga. Tofali zikishafyatuliwa, zifunike na kuzimwagilia kwa wiki nzima au zaidi. Kuta zake hazihitaji rangi, zinafanana na kilima kilicho nyuma yake.

Unapoomba kibali cha ujenzi, peleka ramani inayoonyesha vipande vyote tangu mwanzo, pamoja na mawe na miti inayobaki. Fundi naye mpe nakala, na mti usiotaka uguswe uuzungushie kamba kabla hajafika.