Maswali ya wasomaji: Injini ya silinda sita kwenye Land Rover 109

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi Kayenze, na kwa miaka sita sasa ninabeba dagaa na samaki wa chumvi kuwapeleka Mwaloni, Kirumba, kwa Land Rover 109 Series III ya dizeli niliyoachiwa na baba mdogo. Gari ni imara, lakini likiwa na mzigo hupanda mlima kwa gia ya pili, hutoa moshi mweusi, na kila daladala hunipita. Fundi mmoja wa mjini ameniambia kwamba anaweza kunifungia injini ya silinda sita ya Land Cruiser, iitwayo 1HZ, kwa kuchonga bamba la chuma la kuiunganisha na giaboksi yangu ya zamani, na kwamba kazi itakwisha ndani ya wiki moja. Injini ameshaiona na bei yake inalipika. Je, nikubali?
Msomaji wa Kayenze, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa namna kazi hiyo ilivyoelezwa, usikubali. Injini ya 1HZ sina ugomvi nayo hata kidogo; ni miongoni mwa injini za dizeli zinazovumilia sana barabara zetu, spea zake zinapatikana mpaka wilayani, na mafundi wanaoifahamu ni wengi. Maneno yaliyonitia wasiwasi katika barua yako ni hayo ya "giaboksi yangu ya zamani".

Tazama hesabu yake. Injini iliyokuja na gari lako ina ujazo wa sentimita za ujazo 2286, na ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi 62, na nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 140 hivi. Hiyo 1HZ ina ujazo wa 4164, nguvu za farasi zinazokaribia 130, na nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 285, yaani mara mbili ya ile ambayo giaboksi yako ilitengenezwa kuibeba. Sasa kumbuka kwamba ukiwa kwenye gia nzito, namba moja, giaboksi na difu kwa pamoja huizidisha nguvu hiyo takriban mara 40 kabla haijafika kwenye magurudumu, na kila jino la gia lililo njiani lazima liipokee na kuipitisha.

Niliwahi kufungua giaboksi ya gari kama lako, lililofungwa silinda sita kwa bamba la kuchonga vivyo hivyo. Oili iliyotoka ilikuwa inang'aa kama rangi ya fedha, na nilipoichuja kwa kitambaa cheupe vilibaki vipande saba vya meno ya gia, kimoja kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Mwenye gari alisema kwamba kwa miezi mingi halikumsumbua barabarani. Lilimvunjikia siku aliyokwama kwenye tope akiwa na mzigo kamili, akaingiza gia nzito na kuachia klachi kwa pupa. Wewe njia yako ya kutoka mwaloni wakati wa masika unaijua kuliko mimi.

Watengenezaji wenyewe walilijua jambo hili. Mwaka 1979 Land Rover walipoamua kuweka injini ya V8 ya lita 3.5 kwenye 109, hawakuifunga kwenye giaboksi ya kawaida: walileta giaboksi nzito ya Range Rover, wakabadilisha uwiano wa difu, wakasogeza grili mbele ili rejeta ipate nafasi, na juu ya hayo wakaipunguza injini nguvu mpaka ikabaki na farasi 91. Hao walikuwa na kiwanda kizima, nasi tunaambiwa bamba moja la chuma na wiki moja vinatosha.

Kwa hiyo, kama moyo wako umeshaelekea kwenye 1HZ, inunue pamoja na giaboksi yake na gia ya kugawa nguvu mbele na nyuma, ufahamu kwamba propela zote mbili zitakatwa, zitaungwa na kubalansiwa upya, na kwamba mauntingi mpya zitachomelewa kwenye chasisi. Injini hiyo ni ndefu kwa silinda mbili na ni nzito zaidi, na uzito wote huo unakaa juu ya ekseli ya mbele. Springi za mbele zitalala, na usukani wako, ambao hauna pawa, utakuwa mzito hasa unapogeuza mahali pembamba. Rejeta yako ilikusudiwa kupoza injini ya farasi 62, hivyo nayo itabidi iwe kubwa zaidi, la sivyo gari litachemsha kwenye mlima ule ule uliotaka kuushinda. Hakikisha pia umeme wa injini unayonunua: gari lako ni la volti 12, na baadhi ya 1HZ huja na stata na plagi za kupashia moto za volti 24. Kibao kilicho kwenye stata kitakuonyesha.

Breki ndizo zinazoninyima usingizi kuliko hayo yote. Magurudumu yako yote manne yana breki za dram, na zilitosha kwa sababu gari halikuwa na uwezo wa kukimbia. Gari likitoka mwendo wa kilomita 70 kwa saa likafika 100, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza ili lisimame huongezeka maradufu, ingawa mwendo umeongezeka kwa chini ya nusu. Dram ikipata moto inapanuka na kuviacha viatu vya breki, pedali inashuka, na wewe una tani ya dagaa nyuma yako na watoto wa shule pembeni mwa barabara. Usiongeze hata farasi mmoja kabla breki hazijafumuliwa, silinda zake za magurudumu hazijabadilishwa, na buster haijafungwa kama gari halina.

Kuna jambo jingine ambalo fundi wako hakuligusa, au wewe hukuliandika. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa hiyo inaweza kung'aa miaka hamsini huku chasisi ya chuma chini yake ikiwa imekwisha, na maji ya samaki wa chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye karai yanaila chasisi haraka kuliko matope. Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, ugonge chasisi taratibu kuanzia mbele hadi nyuma, hasa mahali springi zinaposhikiliwa. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinatoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Ukiisikia sauti hiyo ya pili, fedha ya injini ipeleke kwenye chasisi kwanza.

Baada ya kusema hayo, naomba nikurudishe kwenye moshi mweusi, kwa sababu naona huenda tunatibu ugonjwa usiokuwepo. Moshi mweusi maana yake dizeli haiungui yote. Fungua chujio la hewa, lile lenye bakuli la oili chini: kama oili imekuwa tope la vumbi, injini inakosa pumzi. Kisha nozeli zipimwe, taimingi ya pampu ikaguliwe, na kompresheni ipimwe silinda kwa silinda. Tukumbuke pia kwamba Ziwa Victoria liko mita 1134 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa uhaba wa hewa. Farasi wako 62 wa kwenye kitabu, hapa kwetu, hata injini ikiwa mpya, wanabaki kama 55. Inawezekana kabisa kwamba kwa sasa unaendesha na farasi 40, na kwamba kazi ya siku mbili itakurudishia wengine bila kununua injini.

Ikiwa baada ya hapo bado unahitaji nguvu zaidi, ushauri wangu ni utafute 200Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover wenyewe, na hasa ile iliyotoka kwenye Defender. Ujazo wake ni 2495, ina turbo, kwa hiyo mwinuko wetu hauisumbui sana, na inatoa karibu farasi 110 na nyutonimita 255. Inatokana na ukoo wa injini yako, hivyo inaingia kwenye giaboksi ya Series kwa marekebisho machache, na uzito wake hauwashangazi springi wa mbele. Ile ya Discovery ni injini hiyo hiyo, lakini turbo yake imekaa chini na inagombana na chasisi. Hata hivyo sitakuficha: nyutonimita 255 nazo ni nyingi kwa giaboksi yako. Mtu anayeachia klachi kwa utulivu ataishi nayo miaka. Anayekanyaga kwa hasira atakuja kwangu na kitambaa cheupe. Injini yoyote ya mtumba utakayonunua, badilisha mkanda wa taimingi kabla ya kuiwasha barabarani, hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya.

Dai risiti na karatasi za injini kutoka kwa muuzaji. Kadi ya gari lako ina namba ya injini na ujazo wake, kwa hiyo badiliko lipeleke TRA kadi irekebishwe, na bima nao uwajulishe. Gari lenye injini isiyolingana na kadi litakusumbua kila ukaguzi, na siku ya kuliuza halitapata mnunuzi.

SWALI: Mimi nimeshafunga injini ya 300Tdi kwenye 109 yangu, na mlima sasa si tatizo. Lakini barabara ya lami ya Musoma gari linapiga kelele sana likifika 80, kana kwamba linaomba gia nyingine. Je, injini ina kasoro?
Msomaji wa Magu

JIBU: Injini yako ni nzima, ni difu inayolia. Difu ya Series ina uwiano wa 4.7, na ukiuzidisha kwa uwiano wa gia ya kugawa nguvu, pamoja na tairi za 7.50-16, injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika gari linakuwa kwenye kilomita 82 hivi kwa saa. Ukiweka uwiano wa 3.54, mzunguko ule ule unakupeleka karibu kilomita 109. Difu ya mbele ni rahisi, kwa kuwa ya Range Rover ya zamani au ya Discovery za mwanzo inaingia. Ya nyuma kwenye 109 ya Series III ni Salisbury, ile yenye kifuniko cha mviringo kilichofungwa kwa bolti nyingi upande wa nyuma, na hiyo inahitaji gia za Salisbury ya Defender 110. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, maana ukiingiza foo-wili huku mbele na nyuma zikiwa na uwiano tofauti, kitu lazima kikatike.

Gia nzito itakuwa nyepesi kwa robo, kwa hiyo kwenye tope utamhitaji mtu wa kukusukuma mapema kidogo kuliko zamani. Na spidomita itakudanganya: itakapoonyesha 75, wewe utakuwa kwenye 100. Ipeleke ikarekebishwe siku hiyo hiyo difu zinapofungwa.