Njia iliyosafishwa inawezaje kuwa na mabomu tena?

Mambo vipi mkuu, umeuliza ilikuwaje vifaru vya Urusi pale Vuhledar, mji wa mashariki mwa Ukraine, Februari 2023 vilipuke kwenye njia ambayo wenyewe walishaisafisha. Cheki kwanza kama mabomu ya ardhini yametegwa au yamemwagwa, hapo ndo wengi wanachanganya. Waukraine walikuwa na RAAM za Mmarekani, yaani makombora ya kumwaga mabomu ya kulipua vifaru, zinapigwa na mzinga wa milimita 155, kombora moja linafunguka hewani linamwaga mabomu 9, kwa hiyo msafara ukishapita unamwagiwa mengine kwa nyuma, ukigeuza kurudi umekwisha. Hayafukiwi, yanakaa juu ya udongo kama vikopo, ila dereva wa kifaru anachungulia kwa kijidirisha, kwenye matope na majani ataona nini sasa. Wala si lazima uyakanyage, yanahisi sumaku ya chuma kikipita juu yake. Kuhusu kujilipua yenyewe, kuna ya saa 4 na ya saa 48, lakini usiamini saa, mengine yanagoma na baadhi yana mtego ukiyagusa. Ule mkataba wa Ottawa wa 1997 unaotajwa sana hauyahusu haya ya vifaru, unapiga marufuku yale ya kulipua watu.